Kufuata maji ya Ruaha: namna ya kupanga safari ya siku nne kutoka Dodoma

Mtu wa Dodoma akitamani kuona tembo, mawazo yake yanakimbilia Serengeti na Ngorongoro. Anahesabu kilomita, anahesabu gharama, anakata tamaa, na likizo inaishia mbele ya runinga. Na huku barabara ya lami inayotoka mjini kwenda Iringa inapita juu kabisa ya bwawa la Mtera, bwawa linalojazwa na mto uliopita katikati ya wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto wenyewe umeshatufuata hadi mpakani kwetu. Kilichobaki ni sisi kuupanda kuelekea ulikotoka.

Nimeifanya safari hii mara kadhaa. Mara ya kwanza kwa kubahatisha, mara nyingine na familia nzima, akiwemo mama mkwe wangu aliyezaliwa na kukulia Chamwino. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya familia ya mshahara wa kawaida, yenye watoto na pengine mzee mmoja, inayotaka kwenda na kurudi ndani ya siku nne bila kuingia kwenye madeni.

Hatua ya kwanza: anza na mto, tarehe zifuate

Wengi wanaanza na tarehe za likizo, halafu ndio wanauliza hifadhini kukoje. Ruaha haiendi hivyo. Pale kila kitu kinategemea maji: wanyama watakuwa wapi, barabara zipi zinapitika, na hata mbung'o watakusumbua kiasi gani.

Mto Ruaha Mkuu unakusanya maji yake kwenye milima ya upande wa Mbeya na Njombe, unashuka kwenye bonde la Usangu, unatulia kwenye kinamasi cha Ihefu, kisha unapita hifadhini na kuja kumwaga Mtera. Hapo yanazalishwa megawati 80 za umeme. Maji yaleyale yanashuka hadi Kidatu kuzalisha megawati 204 nyingine, yanaingia Rufiji na kufika kwenye bwawa la Julius Nyerere. Kwa hiyo kiboko unayemtazama Msembe, makao makuu ya hifadhi, anaoga kwenye maji ambayo baadaye yatawasha taa nyumbani kwako. Waeleze watoto jambo hili kabla hamjaondoka. Watautazama mto kwa macho tofauti.

Zamani mto huu ulitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, kwa sababu maji mengi yanachepushwa huko juu Usangu kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Linaumiza, na ni vizuri ulijue mapema, maana ukienda Oktoba ukitarajia mto mpana unaweza kukuta mchanga, na viboko wamebanana kwenye madimbwi machache ya tope.

Sasa uchague. Kanda hii ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi ya mvua nchi ni ya kijani, ndege ni wengi mno, lakini nyasi ni ndefu, makorongo yanajaa ghafla na gari linaweza kulala kwenye tope. Familia yenye watoto nisingeishauri. Juni na Julai mto bado unatiririka, hewa ni safi, na likizo ya shule ya Juni inaangukia humo. Agosti na Septemba wanyama wameshasogea mtoni kwa sababu vidimbwi vya porini vimekauka, na hapo ndipo utaona makundi makubwa. Kama una watoto wa shule, nenda Juni. Kama mko watu wazima peke yenu, subirini Septemba.

Hatua ya pili: gari kwanza, maana ndilo linalokula pesa

Kwa raia wa Tanzania, kiingilio cha hifadhi ni sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni wa nje. Kinachomaliza mfuko ni gari. Na gari linakodiwa kwa siku, liwe na watu wawili au saba. Kwa hiyo kabla ya kutafuta gari tafuta watu: shemeji, majirani, wenzako wa kazini. Familia mbili zinazoelewana kwenye gari moja zinapunguza gharama karibu nusu. Ninasema zinazoelewana, kwa sababu siku nne kwenye gari moja ni nyingi.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kukodi gari Dodoma hadi mwisho. Ya pili, ambayo siku hizi ndiyo ninayoipenda, ni kupanda basi la asubuhi kwenye stendi ya Nane Nane, kushuka Igumbilo, stendi ya mabasi ya Iringa, kulala mjini, na kuchukua gari la hifadhini pale. Hulipi siku mbili za gari kutembea kwenye lami, na dereva wa Iringa ameshaingia Ruaha mara nyingi kuliko dereva wetu wa Dodoma. Ubaya wake ni kwamba huwezi kusimama Mtera utakavyo. Kama una mzee, au una hamu ya kuona njia, kodi Dodoma. Maelezo yanayofuata yanachukulia umekodi Dodoma.

Gari liwe na uwezo wa kuendeshwa na magurudumu yote manne, na liwe limeinuka. Safari yetu ya kwanza wakala mmoja alituahidi gari la hivyo, asubuhi ya safari likaja jingine, zuri kwa macho, chini chini kama la harusi. Kwa kuwa tulikuwa tumeshalipa, tukapanda. Tulinasa mara mbili kwenye mchanga, na saa nzuri ya wanyama ilituishia tukikata matawi makavu na kuyasukumia chini ya matairi, huku mmoja wetu amesimama kutazama vichaka. Tangu siku ile sitoi pesa yote kabla sijaliona gari kwa macho na kufungua buti kuhesabu tairi za akiba. Ziwe mbili.

Ukikubaliana bei, uliza na haya na uyaandike: mafuta yamo? Kiingilio cha gari hifadhini analipa nani? Dereva anakula na kulala kwa nani? Kama gari litaharibika Tungamalenga, nani analeta jingine? Wakala mwaminifu hachukii maswali haya.

Hatua ya tatu: muongozaji

Hapa usibanie pesa. Dereva anajua barabara, muongozaji anajua mto. Mara chache utapata mtu mmoja mwenye yote mawili. Ukimpata, hifadhi namba yake.

Namna yangu ya kumpima ni swali moja tu kwa simu: "Tukija wiki ijayo tutaona simba?" Anayejibu "Hamna shida, simba lazima" ninamshukuru na kuagana naye. Anayeniuliza kwanza tutaingia saa ngapi, tutalala ndani au nje, kisha akasema, "Mto Mwagusi umeshakauka lakini Ruaha bado kuna maji, kwa hiyo tutakaa zaidi huku," huyo ndiye. Vijana waliokulia Idodi na Tungamalenga, vijiji vinavyopakana na hifadhi, wengi wana ujuzi huu tangu utotoni. Hakikisha ana leseni ya kuongoza watalii, na mweleze mapema mko wangapi, watoto wana umri gani, na kama kuna mtu asiyeweza kukaa garini muda mrefu.

Matembezi ya miguu hifadhini yapo, pamoja na askari wa uhifadhi mwenye silaha, na yanaombwa mapema. Watoto wadogo hawaruhusiwi. Kuhusu boti, usidanganywe: safari ya mto Ruaha ni ya kufuata kingo zake kwa gari. Mwenye kiu ya boti aelekee Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, huko Rufiji, ambako maji haya haya yamekuwa mapana na boti za kutazamia viboko zipo. Hiyo ni safari nyingine na bajeti nyingine.

Hatua ya nne: malipo na saa ishirini na nne

Usiende getini na fedha taslimu ukitegemea kulipa dirishani. Malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ni ya kielektroniki: unapewa namba ya malipo, ile inayoitwa kontroli namba, unalipa kwa simu au benki. Mtandao wa simu njiani unakuja na kupotea. Mwombe muongozaji au ofisi ya hifadhi mpatiwe namba hiyo mapema, mlipe mkiwa bado Iringa, na mtunze ujumbe wa malipo kwenye simu mbili. Ukitajiwa bei yoyote, uliza kama VAT imo.

Kila mtu mzima awe na kitambulisho cha taifa. Kwa watoto beba nakala za vyeti vya kuzaliwa, umri wao unaweza kuulizwa.

Na hili wengi hawalijui: kiingilio ni cha saa 24 tangu unapoingia, na ni cha kuingia mara moja. Ukitoka, umetoka. Kwa hiyo mwenye kuingia saa tano asubuhi na kulala ndani ana jioni nzima ya leo na asubuhi nzima ya kesho kwa kiingilio kimoja. Anayelala nje ya geti analipa upya asubuhi. Vyumba vya Tungamalenga kweli ni nafuu, lakini jumlisha kiingilio cha pili, watu wote, na gari, ndipo uamue. Kwa familia yetu, mabanda ya TANAPA pale Msembe yalitoka nafuu zaidi, na usiku tulisikia simba akinguruma ng'ambo ya mto. Mabanda ni machache. Weka nafasi mapema, hasa kwa Juni na sikukuu.

Hatua ya tano: mizigo

Nguo za rangi ya udongo, kijivu au kijani kilichofifia. Bluu na nyeusi acha nyumbani, zinawavuta mbung'o, na kung'atwa na mbung'o kunauma hata juu ya shati. Beba masweta ya kweli: Iringa mjini iko juu, kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Juni asubuhi mtu wa Dodoma anatetemeka. Hifadhini kuko chini zaidi na mchana ni joto, kwa hiyo kofia pia.

Darubini moja kwa kila watu wawili, ukiweza kuazima. Hiki ndicho kitu ambacho watu wanakiacha na baadaye wanakijutia kuliko vyote. Chakula cha siku mbili: mchele, maharage yaliyokwisha kuchemshwa, mayai, ndizi, karanga, na maji mengi kuliko unavyodhani. Vyote kwenye vikapu na ndoo zenye mifuniko, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na kwa sababu nyani wa kambini anafungua kila kitu kisichobanwa. Tochi, dawa za mtu mmoja mmoja, dawa ya kufukuza mbu, kanga mbili za kufunika watoto vumbi linapozidi.

Siku ya kwanza: Dodoma, Mtera, Iringa

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Dodoma hadi Iringa ni kama kilomita 260, lami mwanzo hadi mwisho. Mkishapita Mpunguzi na Chipogoro nchi inajifungua: mibuyu, mawe makubwa yamepandana, ng'ombe wakivushwa barabara na vijana wenye mashuka. Mwambie dereva asikimbize. Mifugo ya njia hii haina haraka, na askari wa usalama barabarani wapo.

Mtera mtafika kabla jua halijawa kali. Barabara inapita juu ya ukuta wa bwawa. Ni eneo la ulinzi, kwa hiyo kamera mfukoni hadi mvuke. Ng'ambo, upande wa Migori, simameni. Kuna perege wa kukaanga, wakavu na wenye chumvi ya kutosha, wanaouzwa na akina mama kwenye mabeseni. "Karibu mama, hawa wa usiku wa leo," aliniambia mmoja, akamgeuza samaki mbichi nione shavu lake jekundu kabla hajakatwa na kukaangwa. Nunua wa kula papo hapo. Wa kupeleka nyumbani subiri siku ya kurudi. Msipande mitumbwi ya wavuvi kwa kujifurahisha, hata mkibembelezwa. Bwawa lina mamba na viboko, na mtumbwi wa kuvulia haujajengewa watoto.

Baada ya Izazi barabara inaanza kupanda mlima Nyang'oro, kona juu ya kona. Mwenye kichefuchefu akae mbele. Juu kabisa geukeni mtazame mlikotoka: Mtera inameta chini kama bati jipya, na nyuma yake Ugogo wote. Mama mkwe alisimama pale kitambo, akivuta kanga yake, akasema hakujua nchi yake ni pana namna ile.

Iringa mtafika mchana. Laleni mapema. Mkiwa na nguvu, jioni mpande jiwe la Gangilonga kutazama mji. Kabla ya kulala jazeni mafuta hadi juu, na tairi zipimwe upepo. Iringa ndiyo nafasi ya mwisho ya kufanya hayo bila wasiwasi.

Siku ya pili: kuingia hifadhini

Kutoka Iringa hadi hifadhini ni kama kilomita 130, na sehemu kubwa huwa ya vumbi. Mpigieni muongozaji asubuhi awaambie hali yake. Msikimbilie geti. Kiasi cha kilomita 15 tu kutoka mjini kuna Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Wahehe walilipiga jeshi la Wajerumani kule Lugalo mwaka 1891, ngome ikabomolewa kwa mizinga 1894, na Mkwawa akajiua 1898 badala ya kushikwa. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likarudishwa 1954, na limo kwenye makumbusho madogo ya pale. Nusu saa inatosha. Ingieni kwa heshima, watu wa pale bado wanamzungumzia kama mzee wao. Ukijua kusema "Kamwene", salamu ya Kihehe, utapokelewa kwa uso mwingine.

Pitieni Idodi, mchukueni muongozaji Tungamalenga kama hamkuja naye, na lengeni kukanyaga geti kati ya saa nne na saa tano. Pale Ibuguziwa mnavuka mto kwa daraja. Tazameni chini kabla hamjavuka: viboko huwa pale pale, migongo kama mawe yaliyolowa, na mamba mchangani vinywa wazi.

Ndani ya hifadhi mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa, na mwendo mzuri ni nusu ya huo. Hakuna kushuka garini isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa, hakuna kutoka njiani, hakuna kutembea na gari usiku. Watoto waelezwe kabla ya geti kwamba kelele zinawaibia wenyewe.

Fikieni Msembe, shusheni mizigo, pikeni, pumzikeni. Kuanzia saa sita hadi saa tisa wanyama nao wamejilaza vivulini, na kuzunguka saa hizo ni kuchoma mafuta. Saa tisa na nusu ndipo mtoke kwa barabara ya kando ya mto, kuelekea Mwagusi unapoungana na Ruaha.

Namna ya kutazama

Kosa kubwa la watu wetu hifadhini ni kukimbizana na simba. Dereva anapigiwa simu kuwa simba yuko mahali fulani, gari linageuka, vumbi, mnafika simba ameshaingia majanini, mnageuka tena. Jioni inaisha mmeona matako ya swala. Sisi siku hizi tunafanya kinyume: tunachagua mahali penye maji na kivuli, tunazima gari, tunakaa. Dakika 40, saa nzima. Maji yanaita kila mtu.

Mwagusi ni mto wa mchanga. Wakati mwingi wa kiangazi juu hauna tone, lakini maji yako chini. Tulizima gari ukingoni mwake, jioni ya Septemba. Tembo jike alishuka na watoto wawili, akanusa mchanga hapa na pale, akachagua. Alikwangua kwa mguu wa mbele, kisha akachimba kwa ncha ya mkonga, taratibu, akirusha mchanga pembeni, hadi shimo likawa jembamba na refu. Akanyonya. Yale maji ya kwanza hakuyanywa, aliyamwaga ubavuni. Halafu akasimama tu, mkonga umening'inia, akangoja.

"Mbona hanywi?" mwanangu akanong'ona.

"Anasubiri yachuje," mama mkwe akajibu kabla ya muongozaji. "Sisi nasi ndivyo tulivyofanya."

Akasimulia kwa sauti ya chini, bila kuondoa macho kwa tembo: walivyokuwa wakienda korongoni kiangazi, wasichana, na kata ya kibuyu, wanafukua mchanga, wanayatupa maji ya kwanza yenye tope, wanakaa kuyangoja mapya yabubujike kutoka chini. Na ukiondoka unaliacha shimo wazi, maana kuna mbuzi na kuna ndege. Muongozaji, kijana wa Idodi, alikuwa ameacha kabisa kutueleza habari za tembo. "Bibi," akasema, "endelea." Na kweli, tembo wale walipoondoka, swala pala walishuka kwenye shimo lile lile, na nyuma yao nyani.

Nimeandika hili kwa urefu kwa sababu kama tungekuwa tunamkimbiza simba tusingeliona.

Vitu vingine vya kuangalia ni vya pekee kwa Ruaha, kwani hapa wanyama wa Afrika ya Mashariki na wa Kusini wanakutana. Tandala mkubwa na tandala mdogo wote wapo: mkubwa ana pembe za kujizungusha kama kizibuo, mdogo ana mistari mingi zaidi ubavuni na anapenda vichaka. Palahala na swala korongo ni wa bahati. Mbwa mwitu wapo, na ukiwaona umeona kitu ambacho wengi waliozunguka Serengeti hawajakiona. Ndege wanazidi aina 500. Tafuteni hondohondo mwenye mdomo mwekundu juu ya mibuyu, na kando ya maji sikilizeni furukombe akilia. Angalieni pia magome ya mibuyu yenyewe, tembo wameyachuna hadi mengine yametoboka.

Mbung'o wakiwavamia, fungeni vioo na msogee. Wanapenda gari linalotembea kwenye miti mingi. Kando ya mto penye wazi wanapungua.

Siku ya tatu: asubuhi mtoni, jioni Isimila

Amkeni kabla ya jua. Chai kwenye chupa, gari liwe njiani mara tu mwendo unaporuhusiwa. Saa mbili za kwanza za asubuhi ndizo zenye simba, fisi anayerudi, na nyayo mbichi za usiku juu ya mchanga. Mwombeni muongozaji awasomee nyayo. Watoto wanapenda kuliko picha. Hesabuni saa zenu na mrudi getini kabla ya 24 kutimia, maana kuchelewa kunalipiwa.

Muongozaji mlipeni mlichokubaliana, na mkiridhika mwongezeeni mkononi mwake mwenyewe. Takataka zenu zote mrudi nazo Iringa.

Mkifika mjini kabla ya saa kumi, msilale. Nendeni Isimila, kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya. Ni korongo ambamo mvua na upepo vimechonga nguzo ndefu za udongo, na chini yake zimepatikana zana za mawe za watu wa kale mno. Nenda jioni: jua likilala nguzo zinakuwa nyekundu. Kushuka kuna mawe, kwa hiyo mzee abaki juu na mtu wa kumsindikiza. Pale mtembezaji wa eneo ni lazima kwa usalama wenu, ngazi na vijia vinapotea.

Siku ya nne: kurudi

Kabla ya kushuka Nyang'oro dereva ajaribu breki pale juu, na ashuke kwa gia ndogo. Malori mazito hushuka pale yakinuka moto, mpeni nafasi aliye mbele. Migori mnunue sasa samaki wa nyumbani. Kama mna boksi la barafu kutoka Iringa chukueni wabichi, kama hamna chukueni waliokaushwa, wafungwe kwenye gazeti na kikapu kikae nyuma kabisa, mbali na nguo. Mkishavuka ukuta wa bwawa, waulizeni watoto maji yale waliyaonea wapi.